Hadithi ya kabla: Iyangura alimpenda Mukiti ao hapana?



Tangu tulirudi kutoka mapumziko ya Pasaka, kundi letu la teatre limegawanyika sehemu mbili. Neno lenyewe ni hili: mchezo tunaotayarisha kwa siku ya kufunga mwaka unasimulia maisha ya Iyangura, shangazi ya Mwindo, mbele ya Mwindo kuzaliwa. Wamoja wanataka Iyangura ampende bwana yake Mukiti. Wengine wanasema: hapana, mzee hakusimulia vile, musiongeze yenu. Sisi wa mwaka wa sita tunaitwa kila jioni kuamua. Tumeonelea vizuri kueleza jambo hili kwenye karatasi, kuliko kupigiana kelele wakati wa kula.

Kwanza mujue kwamba mabishano haya hayakuanzia Mweso. Watu wa Marekani waligombana miaka mingi juu ya seri moja ya filme, ile ya chombo cha anga. Wengi wenu mumeona vipande vyake kwenye kadi za telefone, vikisemwa kwa Kifaransa. Tutaanzia pale, kiisha turudi Walikale.

Star Trek ya kwanza ilionyeshwa kule Marekani kuanzia 1966 mpaka 1969, vipande 79. Inasimulia watu wanaosafiri kati ya nyota, zaidi ya miaka 200 itakayokuja. Zikafuata seri zingine, kila moja ikiendelea mbele. Lakini tarehe 26 Septemba 2001 wakaanza moja iliyorudi nyuma, jina lake Enterprise. Yenyewe inasimulia kuanzia mwaka 2151, karibu miaka 100 mbele ya safari za ile ya 1966. Hiyo ndiyo tunaita hadithi ya kabla: inaandikwa nyuma, lakini mambo yake yanatangulia.

Munaweza kuuliza: shida iko wapi? Shida ni kwamba mwenye kuandika hadithi ya kabla ni kama fundi anayeombwa kuchimba msingi wakati nyumba imekwisha kuezekwa na watu wanalala ndani. Kila jembe analopiga, wenye nyumba wanatoka kuangalia kama ukuta umepasuka. Tuchukue mfano mmoja. Katika kipande cha 1966, maadui wanaoitwa Waromulani wanakuja na chombo kisichoonekana kwa macho, na watu wa chombo cha kwetu wanashangaa kweli, kwao jambo hilo ni jipya. Lakini katika Enterprise, kipande cha 2002, chombo cha Waromulani kinajificha vilevile, miaka 100 mbele! Wapenzi wa hadithi wakapiga kelele: kama babu aliona, namna gani mjukuu ashangae? Wapo waliojibu kwamba ufundi wa kujificha unaweza kupotea na kupatikana tena. Sisi tunaona ni jibu, lakini ni jibu la mwanafunzi aliyefika na kuchelewa.

Kuna mfano mwingine wenye kuchekesha. Wale Wakilingoni wa miaka ya 1960 walikuwa na paji laini kama letu, sababu feza ya kuwapamba sura ilikuwa kidogo. Katika filme ya 1979 wakatokea na mifupa kwenye paji. Miaka mingi hakuna aliyeeleza. Katika kipande kimoja cha 1996 Mkilingoni mmoja aliulizwa, akajibu tu kwamba hawazungumzi neno hilo na watu wa nje. Ni mwaka 2005 ndipo Enterprise ilileta sababu: ugonjwa uliotokana na majaribio juu ya damu na mbegu za watu. Hapo msingi uliingia chini ya nyumba bila kupasua ukuta. Tunakubali, walifanya vizuri.

Sasa mapendo. Ndani ya Enterprise kuna T'Pol, mwanamke Mvulkani. Wavulkani ni watu wanaofunga moyo wao, hawaonyeshi hasira wala furaha. Kuna pia Trip, fundi wa mashine, mtu wa dunia. Walianza kwa kuchokozana, kisha polepole, kipande kwa kipande, wakafikia kupendana. Katikati (2004) T'Pol akaolewa na mtu mwingine wa kwao, ili mama yake arudishiwe kazi. Msichana wa hapa hahitaji kuelezwa jambo lile zaidi. Baadaye maadui wakatengeneza mtoto kutokana na damu ya hao wawili bila wao kujua, na mtoto akafa. Kipande cha mwisho kilionyeshwa tarehe 13 Mei 2005. Kiliruka miaka sita kwa mara moja, tukaambiwa kwamba mapendo yale yalikwisha zamani, na Trip akafa.

Hasira ilikuwa kubwa, hata mwigizaji wa T'Pol mwenyewe alikisema vibaya kipande kile mbele ya watu. Tukiangalia vizuri, hawakulia kifo tu. Mtu akipelekwa hatua kwa hatua kwa miaka kuona watu wawili wanakaribiana, hawezi kukubali aambiwe mwisho wake kwa sentensi moja, kama habari ya mbuzi aliyepotea. Upande wa pili nao una neno. Spock, yule wa 1966, ana baba Mvulkani na mama wa dunia, na watazamaji walimwona ni mtu asiye wa kawaida. Kama miaka 100 mbele yake Mvulkani na mtu wa dunia wamekwisha kupendana, je, Spock anabaki na nini? Munaona sasa: mapendo na kufuatana kwa hadithi ni neno moja. Kumpatia mtu mpenzi ni kubadilisha sababu ya kila kitu atakachofanya kesho.

Basi turudi kwetu.

Hadithi ya Mwindo ni ya ndugu zetu Wanyanga wa misitu ya Walikale. Wao wanaiita karisi. Inaimbwa, inasimuliwa, inachezwa, na haiishi kwa usiku mmoja. Mwaka 1956 mzee Shekarisi Candi Rureke aliisimulia kwa siku 12, na Mbelgiji mmoja, Daniel Biebuyck, pamoja na wasaidizi wake, akaiandika kwa Kinyanga. Mwaka 1969 ikatoka kitabu, kazi ya Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwenyewe Mnyanga. Mwaka 1978 Biebuyck akatoa kitabu kingine chenye karisi zingine tatu. Kwa hiyo Mwindo wa kwenye vitabu ni wane, na hawafanani katika yote.

Kwa Rureke iko hivi. Shemwindo, mkubwa wa Tubondo, ana wake saba, na ametoa amri wote wazae wasichana tu, mvulana atauawa. Dada yake Iyangura anaposwa na Mukiti, nyoka mkubwa, mwenye kutawala maji. Mukiti anafika Tubondo kuomba, mali inazungumzwa, Iyangura anaolewa, na anawekwa kwenye ziwa chini ya ulinzi wa Kasiyembe. Pale hadithi inamwacha. Inarudi kwa mke mpendwa wa Shemwindo, anayemzaa Mwindo kupitia kidole cha katikati cha mkono. Mtoto anazaliwa anatembea, anasema, anacheka. Baba anamtupia mikuki, anamzika, anamfunga ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ngoma inakwenda na maji kumtafuta shangazi.

Wale wanaofikiri kwamba hadithi za nyota ni za Wazungu peke yao, wakumbuke kwamba baadaye Mwindo huyohuyo alichukuliwa na Nkuba, mwenye radi, akakaa mwaka mzima mbinguni kati ya Mvua, Mwezi, Jua na Nyota, akarudi na makatazo. Bila chombo, tena.

Mchezo wetu unaingia katika ile nafasi Rureke aliyoacha: tangu Iyangura alipofika majini mpaka ngoma ilipotokea. Ni nafasi ya wazi. Ndiyo maana tunaipenda, na ndiyo maana tunagombana.

Kundi la kwanza linasema: «Mukiti alikuja mwenyewe, akaomba kwa heshima, akatoa mali. Iko ndoa ya haki. Juu ya nini asimpende?» Wasichana wengi wako kundi la pili, na neno lao lina uzito: «Mwanamke mwenye kulindwa na Kasiyembe kwenye mlango, munataka aimbe mapendo? Mumeuliza kama alikuwa na ruhusa ya kwenda kusalimia kwao?»

Tumechukua kitabu tukaangalia kile kilicho nyuma, maana ndicho kitakachopasuka tukichimba vibaya. Mwindo anapofika, anapigana na Kasiyembe, nywele za Kasiyembe zinawaka moto, na maji ya ziwa yanakauka. Iyangura ndiye anayemwomba mtoto wa kaka yake awaponye, na maji yanarudi. Kisha anaacha makao ya Mukiti, anamfuata Mwindo mpaka Tubondo. Mwindo anaposhuka chini ya ardhi kumfuata baba yake aliyekimbia, Iyangura anashika upande mmoja wa kamba. Kamba ikiacha kutikisika, atajua mtoto amekufa. Mwishoni mbele ya watu wote anamkaripia Shemwindo, kaka yake mwenyewe.

Kwa hiyo mchezo ukimfanya Iyangura amchukie Mukiti tangu siku ya kwanza, hatutaweza kueleza kwa nini aliwaombea watu wa ziwa. Ukimfanya ampende kama wasichana wa filme za usiku, hatutaweza kueleza kwa nini aliondoka na kijana aliyekausha maji ya bwana yake. Sisi tunaonelea hivi: mapendo yawepo, lakini Kasiyembe abaki mlangoni tangu mwanzo mpaka mwisho, aonekane. Ampende Mukiti na achoke na mlinzi. Mambo hayo mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja bila shida, waulizeni mama zenu.

Lakini ile sehemu ya mwisho waliyoongeza wadogo wetu wa mwaka wa tatu, ambamo Mwindo anamwoa Kahindo, hiyo tumeiondoa. Tunajua imewauma. Kahindo ni binti wa Muisa, mwenye kutawala chini ya ardhi. Alikuwa na vidonda, Mwindo akamsafisha, naye akamwonya mitego ya baba yake. Kila anayesikia anataka waoane, hata sisi. Lakini kwa Rureke, Mwindo alikataa kuoa kule chini. Alikuwa na neno na baba yake, lazima arudi naye Tubondo. Ukimpa harusi pale, kamba ile mkononi mwa shangazi inakuwa kamba tu.

Linabaki jambo moja ambalo hatukuweza kulimaliza, na ndilo zito. Wanafunzi wawili wenye asili ya Walikale walisimama wakasema: «Kwetu nyanya hakusimulia vile.» Mmoja alisema Iyangura wao hakulindwa na mtu. Kuna aliyewajibu kwamba kitabu ndicho cha kweli, kwa sababu kimeandikwa. Sisi hatukubali jibu lile. Rureke alikuwa mzee mmoja wa Kinyanga kati ya wengi. Kalamu ilimkuta yeye mwaka ule. Kama kalamu ingemkuta nyanya wa huyu mwenzetu, leo tungesema Rureke ndiye amekosea. Kwa Star Trek kuna kampani moja yenye hadithi, inaweza kusema hii ni ya kweli, hii siyo. Karisi haina kampani. Ina wazee, na wenye kuijua yote wamebaki wachache, na barabara ya kwenda kwao haifunguki kila siku. Wengine kati yetu walitoka kule wakiwa wadogo, na kile kipande cha hadithi ndicho walichobeba.

Kwa hiyo tumefungua daftari. Kila mwenye kipande cha Mwindo alichosikia kwao, hata kifupi, hata kinachopingana na kitabu, aje aandikishe: nani alisimulia, kijiji gani, mwaka gani kama anakumbuka, na kwa lugha gani. Atakayependa kusema kwa Kinyanga, tutatafuta wa kuandika. Mchezo utafuata Rureke, kwa sababu lazima tuchague mmoja ili tufike mwisho, na mwanzoni msimulizi atasema wazi kwamba tunafuata Rureke. Kile cha nyanya kitasomwa kabla ya pazia, na mjukuu mwenyewe ndiye atakayesoma.

Daftari liko katika darasa la sita, meza ya kwanza karibu na dirisha. Mazoezi ni Jumatano baada ya masomo. Mukiti tumempata. Bado tunatafuta Kasiyembe, mtu mrefu, anayeweza kusimama saa nzima bila kusema neno.