Nafasi Mara Milioni 6, Mwendo Mara 60: Rekodi za Hifadhidata

Uzito kwanza. Diski ya kwanza ya kompyuta kuingia sokoni, iliyozinduliwa na IBM mwaka 1956 pamoja na mtambo wa RAMAC, ilikaribia tani moja. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na mtambo mzima ulikodishwa kwa dola 3,200 hivi kwa mwezi. Mzigo wote huo ulihifadhi herufi milioni 5. Picha moja ya simu ya leo inaweza kuijaza.

Lakini rekodi inayonishangaza zaidi ni ya pengo kati ya nafasi na mwendo. Diski ile ilihitaji wastani wa milisekunde 600 kufikia data. Diski za sahani za sasa huhitaji kama 10. Nafasi imepanda hadi baiti trilioni 30 kwa diski moja, yaani mara milioni 6, ilhali mwendo umeongezeka mara 60 tu. Chanzo ni chuma chenyewe: sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko kwa milisekunde 8.3, na kichwa cha kusoma hakina budi kusubiri zamu yake. RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hujibu kwa takriban nanosekunde 100. Lau RAM ingejibu kwa sekunde moja, diski ya sahani ingekuweka zaidi ya siku nzima. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, imepunguza pengo hilo sana, ila bado iko nyuma ya RAM kwa mara elfu hivi. Kwa hiyo hifadhidata inayolemewa, kwa kuwa data yake hukaa kwenye diski, mara nyingi hupata nafuu zaidi kwa kuongezewa RAM kuliko kwa prosesa mpya.

Dawa rahisi kuliko zote haihitaji hata kununua kitu. Ni faharasa, orodha inayoonyesha kila mstari wa jedwali ulipo. Rudolf Bayer na Edward McCreight, wakiwa Boeing mwanzoni mwa miaka ya 1970, walibuni muundo wa faharasa uitwao mti wa B, na hadi leo hifadhidata nyingi kubwa zinautegemea. Kila ukurasa wa mti ukibeba funguo 500, ngazi tatu zinatosha kufikia mstari wowote kati ya milioni 125. Bila faharasa, mashine inaweza kulazimika kupitia jedwali lote, mstari kwa mstari. Hapo ndipo wengi hupitiliza: wanaweka faharasa kwenye kila safu, kisha wanalalamika kwamba kuandika kumekuwa kuzito. Kila mstari mpya lazima uandikwe pia katika faharasa zote hizo, nazo zinakula diski.

Kwa wingi, hakuna hifadhidata inayoifikia SQLite ya D. Richard Hipp, ya mwaka 2000. Waundaji wake wanakadiria hifadhidata zaidi ya trilioni moja zinazotumika, nyingi zikiwa ndani ya simu. Haina seva kabisa: ni faili moja tu, hivyo ombi halisafiri mtandaoni.

Kwa kasi, katika kipimo cha hifadhidata cha TPC-C, kinachoiga biashara ya jumla yenye maghala, Oracle walifikia oda milioni 30 kwa dakika mwaka 2010. OceanBase ya China ikapita milioni 60 mwaka 2019, kisha milioni 707 mwaka uliofuata, na hiyo nayo imeshavunjwa. Ni fahari ya wenye seva nyingi. Mwenye duka la jumla hatafaidika nayo.

Umbali ndio mpinzani asiyeshindika. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 hugharimu milisekunde 10 kwenda na kurudi, hata seva ikiwa bora namna gani. Hadi 2015 seva za M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu ya Kenya, zilikuwa Ujerumani: pesa ya muuza mboga na mteja aliyesimama mbele yake Nairobi ilipigwa hesabu Ulaya kabla ya ujumbe kuingia. Mwaka huo zikahamishiwa Kenya.