Gari la Rimoti la Mashindano: Lipia Ushindani, Usilipie Kasi

Anayetafuta gari lake la kwanza la rimoti la mashindano huuliza kwanza lipi linakimbia zaidi. Wauzaji wanalijua swali hilo. Traxxas XO-1, iliyotoka mwaka 2011, ilitangazwa kuwa inafika maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Kasi ya namna hiyo mwenye fedha anaipata siku hiyohiyo. Mbio nzuri ni kitu kingine: magari manane yanafukuzana kwa dakika tano, yanapitana kihalali, na hata aliyeshika nafasi ya sita anatoka amefurahi. Hicho ndicho cha kulipia, na mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko ya kasi.

Kasi inavyokula furaha

Mtu wa kawaida huchukua kama robo ya sekunde tangu aone jambo hadi vidole vyake vijibu. Gari likienda kilomita 30 kwa saa, katika muda huo husogea mita mbili. Likienda 60, husogea mita nne, na kona imeshapitwa. Tena kasi ikiongezeka mara mbili, nishati ya kugonga ukuta huongezeka mara nne. Mkono wa saspensheni ambao jana ulihimili pigo, leo unavunjika. Hapo mgeni haoni tena wenzake. Anapigana na uwanja tu, na baada ya wiki chache haji.

Kasi hii ililetwa na mambo mawili yaliyoenea vilabuni kuelekea mwisho wa miaka ya 2000: betri za LiPo na mota zisizo na brashi. Zilileta nafuu ya kweli, kwa kuwa mota ya brashi ilidai kufunguliwa, kusafishwa na kubadilishiwa brashi kila mara. Lakini nguvu nayo ilipanda. Mota zisizo na brashi hutambulika kwa idadi ya mizunguko ya waya ndani yake, na kadiri mizunguko inavyokuwa mingi ndivyo mota inavyokuwa pole. Daraja la 17.5, lililokusudiwa kuwa la kawaida, limekuwa la kasi mno kwa wengi, na vilabu kadhaa vikaongeza madaraja ya 21.5 na hata 25.5.

Machaguo manne

Bei hizi ni za kukadiria, kwa dola za Marekani, kwa mnunuzi wa Marekani au Ulaya.

*Tamiya TT-02 au magari yake madogo ya chesisi ya M, kwa mota ya brashi ya ukubwa wa 540.* Kifurushi cha kujiundia ni dola 100 hadi 180, mara nyingi mota ikiwa ndani. Mota hiyo ya kopo la rangi ya fedha haifunguliwi, na mpya haifiki dola 20. Kwa kuwa wote wanayo ileile, mshindi hupatikana kwenye kona. Hasara yake ni chesisi ya plastiki inayotaka uvumilivu kuirekebisha, na vifaa vya nyongeza vinavyomshawishi mtu kutumia fedha bila sababu. Tafuta klabu inayovikataza.

*Traxxas Slash ya kuendeshwa na magurudumu mawili.* Iko sokoni tangu 2008, huuzwa ikiwa imeshaundwa kwa dola 230 hadi 300, na hukimbia kwenye udongo. Bodi yake pana hulinda magurudumu, hivyo magari hugusana bila kunasana. Vilabu vingi vya Marekani huwa na daraja la Slash zinazobaki karibu kama zilivyotoka kwenye boksi. Spea zake hupatikana kwa urahisi. Mwenye mtoto wa miaka kumi aanzie hapa.

*Daraja la 21.5 au 17.5.* Hapa unahitaji chesisi ya mashindano ya dola 400 hadi 750, bila vifaa vya umeme. Ongeza mota, kidhibiti mwendo, servo na betri, na jumla hupita dola 1,000 kirahisi. Kidhibiti hufungwa kisiongeze nguvu za ziada, na taa yake humemeta ili wasimamizi wahakikishe. Mbio zake ni nzuri kwa mwenye uzoefu. Tatizo ni mota: kila msimu hutoka mpya yenye kasi zaidi kidogo, na asiyenunua huachwa kwenye njia iliyonyooka.

*Daraja lisilo na kikomo cha mota.* Chesisi ni ileile, lakini tairi, giya na betri huchakaa upesi, na kila kosa ni spea. Ni daraja la mafundi wa miaka mingi. Litazame, ujifunze, usilinunue kwanza.

Gharama zisizoandikwa kwenye boksi

Kubwa kuliko zote ni tairi. Seti ya mpira kwa magari ya uwanja wa zulia au lami ni dola 25 hadi 40, na anayetaka kushinda hutaka mpya kila mara. Klabu inayoamuru aina moja ya tairi na kuweka kikomo cha seti kwa msimu inakuokolea fedha nyingi kuliko punguzo lolote la dukani.

Usibane fedha kwenye chaja na rimoti, kwa sababu utahama navyo kila ubadilipo gari. Betri ya LiPo ya seli mbili hujazwa hadi volti 8.4, si zaidi, na isichajiwe bila mtu karibu, kwani inaweza kushika moto. Ikikaa bila kazi, iache na takribani volti 3.8 kwa kila seli.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, ongeza usafirishaji na ushuru, na kusubiri spea. Kwake aina ya gari ina uzito mdogo kuliko kukubaliana na wenzake: watu watano wenye gari moja na mota moja tayari wana daraja lao.

Uamuzi

Nenda klabuni kabla ya kwenda dukani. Uliza daraja lipi lina magari mengi, kama tairi ni za aina moja, kama uwiano wa giya una kikomo, na kama fainali hugawanywa kwa uwezo ili wanaoanza washindane na wanaoanza. Majibu yakiwa mazuri, nunua Slash kwa udongo au TT-02 kwa zulia na lami. Ukiweza kumaliza dakika tano bila kugonga, mbio baada ya mbio, ndipo ufikirie 21.5.

Nanyi viongozi wa vilabu, lindeni daraja la pole. Nunueni mota za 540, mzigawe kwa kura asubuhi na mzikusanye jioni. Ni gharama ndogo, na huondoa shaka kwamba fulani ameshinda kwa mfuko wake. Klabu inayowaachia wenye kasi peke yao uwanja itabaki nao peke yao, na mbio za magari mawili hazimfurahishi hata mshindi.