Saa ya bure inayolipiwa usiku

Skripti ya majaribio haina makuu na saa. Inataka kujua sasa ni saa ngapi, iandike kwenye logi, iipe jina picha ya skrini, imtungie mteja wa uongo anwani ambayo haikutumika jana, kisha iendelee na safari. Kwa kazi hiyo ndogo bidhaa zimejaa sokoni, na karibu zote ni za bure. Ndiyo maana hakuna anayeuliza bei. Bei ipo, ila hudaiwa baadaye.

Mimi nilidaiwa saa nane usiku. Tulikuwa na jaribio la stakabadhi: skripti inauza kitu, inasoma tarehe iliyochapwa, inailinganisha na tarehe ya leo. Mchana lilipita kila siku. Tukalipanga liendeshwe usiku kwenye seva ya kukodi, likaanza kuanguka kila usiku. Siku nne tulikuwa tunamsumbua aliyeandika programu ya mauzo, kumbe hana kosa. Seva yetu ilifuata UTC, na Afrika Mashariki iko saa tatu mbele. Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku, Dar es Salaam imeshaingia siku mpya, seva bado iko jana. Ukiwa na fedha ya kusahihisha jambo moja tu leo, sahihisha hilo.

Sasa tupite dukani.

Bidhaa ya kwanza ni amri ya mfumo, `date`. Haina gharama, haihitaji bando, na kila mashine ya Linux inayo. `date +%Y-%m-%d_%H-%M-%S` inakupa jina zuri la faili, linalojipanga lenyewe kwenye folda. Ukitaka UTC, ongeza `-u`. Kasoro yake hujitokeza mnapokuwa na mashine za aina tofauti: tarehe ya jana kwenye Linux huombwa kwa `-d`, kwenye Mac kwa `-v`, na Windows ina utaratibu wake kabisa. Kama timu nzima iko Linux, chukua hii na usitafute nyingine.

Ya pili ni saa iliyomo ndani ya lugha unayoandikia. Kwa wengi hili ndilo chaguo, lakini kagua bidhaa kabla ya kuitia kikapuni.

Kwenye Python, `datetime.now()` inakupa saa isiyosema ni ya wapi. Ni kama chupa isiyo na lebo: huenda ni maji, huenda ni mafuta ya taa. `utcnow()` ni mbaya zaidi, maana inatoa saa ya UTC bila kuiandika kuwa ni UTC, na tangu toleo la 3.12 la mwaka 2023 Python yenyewe inatoa onyo ukiitumia. Chukua `datetime.now(timezone.utc)`. Ukihitaji saa za nyumbani, `zoneinfo` imo bure tangu toleo la 3.9, iandikie `Africa/Dar_es_Salaam` au `Africa/Nairobi`. Gharama iliyofichwa: Windows haina orodha ya saa za maeneo ambayo `zoneinfo` inaitegemea, na mifumo midogo iliyopunguzwa ya kwenye kontena mara nyingi imeondolewa orodha hiyo. Utaongeza `tzdata` mwenyewe. Ni ndogo, lakini ukiisahau, baadhi ya mifumo haitalalamika. Itakupa UTC kimyakimya ukidhani ni saa ya Nairobi.

Java ina `java.time` tangu toleo la 8 la mwaka 2014, na ni mali imara. Ukikuta `SimpleDateFormat` kwenye skripti za zamani, huo ni mtumba wenye tundu: majaribio mawili yakiitumia ileile kwa wakati mmoja, tarehe huchanganyika, na kosa hilo haliji ukiwa umelikodolea macho.

JavaScript inakupa `new Date().toISOString()`, yenye Z mwishoni kuonyesha kuwa ni UTC. Inatosha. Ila ukitaka mwezi peke yake kwa `getMonth()`, kumbuka Januari ni 0. Na maktaba ya Moment, ambayo kila mtu aliizoea, watunzaji wake walitangaza mwaka 2020 kwamba haitaongezwa mambo mapya. Ikiwa imo tayari, iache ifanye kazi. Kuinunua leo kwa mradi mpya ni kununua simu ambayo vipuri vyake vimekoma.

Ya tatu ni saa zinazokuja na zana za majaribio. Robot Framework ina `Get Current Date`, JMeter ina `__time`, Postman ina `$timestamp`. Ni rahisi, na asiye mtaalamu wa msimbo anazimudu. Tatizo ni vipimo. Postman inahesabu sekunde, tarakimu 10. JMeter isipopewa mpangilio inahesabu milisekunde, tarakimu 13. Ukihamisha namba kutoka zana moja kwenda nyingine bila kuangalia, mteja wako wa majaribio ama atakuwa amejiandikisha Januari 1970, ama atajiandikisha maelfu ya miaka baada yetu. Hesabu tarakimu kwa kidole. Ni bure.

Kwenye mpangilio wa tarehe, usipoteze muda kujadiliana. 04/03/2026 ni Machi kwa Mtanzania na ni Aprili kwa Mmarekani. Tumia 2026-03-04. Mtego halisi uko kwenye herufi. Kwa Python na `date`, `%m` ni mwezi na `%M` ni dakika. Kwa Java ni kinyume: `MM` ni mwezi, `mm` ni dakika. Anayeruka kati ya lugha hizi mbili atakuja kuona faili la mwezi wa 47. Java ina mtego mwingine, `YYYY`, ambao ni mwaka wa hesabu za wiki. Kwa herufi hizo, tarehe 29 Desemba 2025 huandikwa kuwa ya 2026. Andika `yyyy`. Na usiweke nukta pacha kwenye jina la faili, Windows inaikataa.

Kuna gharama moja ambayo nimeiona ikilipwa kwa mwezi mzima bila mtu kuiona. Picha za skrini zilikuwa zinafutana kwa sababu majaribio mawili yalipata sekunde moja, basi mtu akaweka usingizi wa sekunde moja kwa kila jaribio. Majaribio 600 ni dakika 10. Yakiendeshwa mara 20 kwa siku, ni dakika 200, na seva nyingi za kukodi hutoza kwa dakika. Jina la jaribio na herufi chache za bahati nasibu mwishoni zingemaliza shida hiyo bila senti. Milisekunde peke yake haitoshi. Majaribio yanayokwenda sambamba hugongana hata hapo.

Palipo na thamani ya kutoa fedha, kwa maoni yangu, ni saa unayoweza kuisimamisha. Jaribio la punguzo la mwisho wa mwezi halingoji mwisho wa mwezi, na la tarehe 29 Februari haliwezi kungoja 2028. Java inakupa `Clock.fixed` bure, Python ina maktaba ya freezegun, Jest na Playwright zina saa bandia zao. Malipo yake ni nusu siku au zaidi ya kupanga upya msimbo ili saa ichukuliwe mahali pamoja. Lakini soma maandishi madogo: ukigandisha saa ya kivinjari, seva na hifadhidata zinaendelea na saa zao, na skripti inayosubiri sekunde 10 zipite inaweza kusubiri milele. Gandisha pale tu jaribio linapohusu tarehe.

Kupima muda uliotumika ni bidhaa nyingine kabisa. Saa ya ukutani husahihishwa na mtandao katikati ya kazi, unaweza kupata jaribio lililodumu sekunde pungufu ya sifuri. Tumia `time.monotonic()`, `performance.now()` au `System.nanoTime()`. Zote bure.

Na sisi tuna mzigo wa ziada ambao jedwali la bei haliuonyeshi. Logi inasema kosa lilitokea 02:10. Wa zamu anampigia mwenzake: "Angalia saa mbili na dakika kumi." Mwenzake anafungua logi ya asubuhi, 08:10, haoni kitu. Mwingine aliyesoma 02:10 kama ilivyo akatafuta saa nane usiku, naye hakuona kitu. Ile ilikuwa UTC: kwetu ni 05:10, saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Na kama mmoja yuko Lubumbashi au Kigali, ondoa saa moja tena. Andika +03:00 au Z mwishoni mwa kila saa, na kwenye simu mtajiane tarakimu, sifuri mbili kumi, si saa za kienyeji.

Mwisho, wanaoendeshea majaribio kwenye kompyuta za mtumba. Betri ya kidonge, kwa kawaida CR2032, ikifa, umeme ukikatika mashine inaamka miaka ya nyuma. Ukiona asubuhi vyeti vya usalama vya kila tovuti vinakataliwa kwa pamoja, usifungue msimbo. Fungua mfuniko.