Kimya chaongeza hatari ya majeraha ya sindano hospitalini

MUUGUZI anayedungwa kwa bahati mbaya na sindano aliyoitoa mwilini mwa mgonjwa ana saa chache tu za kujinusuru. Hata hivyo, wahudumu wengi wa afya hupangusa damu, wakabadilisha glavu na kuendelea na zamu bila kumwarifu yeyote.

Kimya hicho ndicho hatari kubwa, kwa kuwa dawa na chanjo za kuzuia maambukizi zipo, ila hufaa tu zikitolewa mapema.

Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya mwaka 2002, wahudumu wapatao milioni 3 kati ya milioni 35 duniani walikuwa wakikumbwa kila mwaka na viini vya maradhi ya damu kupitia majeraha ya vifaa vyenye ncha kali. Miongoni mwao, milioni 2 walikumbana na virusi vya homa ya ini aina ya B, 900,000 vya aina ya C na 170,000 virusi vya Ukimwi. Zaidi ya asilimia 90 ya maambukizi yaliyotokana na majeraha hayo yalikuwa katika nchi zinazoendelea.

Ajali nyingi hutokea baada ya sindano kutumika. Kuna anayejaribu kuirudishia kifuniko chake kwa mikono miwili, anayeisukuma ndani ya kisanduku kilichojaa pomoni, na mfanyakazi wa usafi anayeikuta ndani ya shuka au mfuko wa taka. Sindano yenye tundu, hasa iliyotoka kwenye mshipa wa damu, ni hatari kuliko ile ya kushonea kidonda kwa sababu hubeba damu ndani yake.

Jambo la kwanza linalomjia aliyedungwa ni Ukimwi. Hofu hiyo inaeleweka, lakini takwimu zinaonyesha kuwa kuna adui mkubwa zaidi.

Iwapo mgonjwa ana virusi vya Ukimwi, uwezekano wa aliyedungwa kuambukizwa ni takribani watu 3 kati ya 1,000. Kwa homa ya ini aina ya C, ni chini ya watu 2 kati ya 100. Lakini kwa aina ya B, wasiochanjwa wanaoweza kuambukizwa ni kati ya 6 na 30 katika kila 100, kutegemea wingi wa virusi katika damu ya mgonjwa. Isitoshe, virusi vya aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata katika tone la damu lililokauka.

Ugonjwa huo unaweza kudumu mwilini kwa miaka mingi na hatimaye kusababisha saratani ya ini. Chanjo yake hutolewa mara tatu katika muda wa miezi sita. Humu nchini, watoto wachanga walianza kuipata katika ratiba ya kawaida mwaka 2001. Hivyo basi, mhudumu aliyezaliwa kabla ya hapo hana budi kuhakikisha ameipata ukubwani. Mwanafunzi wa uuguzi naye anafaa kuikamilisha kabla ya kuingia wadini.

Aina ya C haina chanjo. Hata hivyo, vidonge vya kisasa huponya zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100, kwa kawaida katika muda wa wiki 12, mradi ugonjwa ugunduliwe.

Anayedungwa anatakiwa kuosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Hafai kulikamua wala kulimwagia dawa kali ya kufulia. Damu ikimrukia machoni, ayasafishe kwa maji mengi safi.

Kisha aripoti kwa msimamizi wake bila kusubiri zamu iishe. Yeye hupimwa, na mgonjwa pia hupimwa kwa idhini yake. Sura ya mgonjwa haiwezi kuonyesha kilichomo katika damu yake.

Ikibainika kuna hatari ya Ukimwi, hupewa dawa za kuzuia maambukizi, maarufu kama PEP. Dawa hizo hufaa zaidi zikianzwa katika saa za mwanzo, na hazipaswi kuchelewa kupita saa 72. Humezwa kwa siku 28 bila kukatiza. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa hata dawa moja ya wakati huo, AZT, ilipunguza hatari hiyo kwa takribani asilimia 81.

Asiyechanjwa dhidi ya aina ya B huanzishiwa chanjo mara moja, ikiwezekana katika saa 24. Aidha, hadi vipimo vya mwisho vitoke, hushauriwa kutumia kondomu na kutotoa damu.

Mbona basi wengi hunyamaza? Baadhi huogopa kulaumiwa kwa uzembe. Wengine huogopa matokeo yao kujulikana na wenzao, au hudungwa usiku wakati chumba cha dawa kimefungwa.

Lakini anayenyamaza hujinyima pia ushahidi. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi haki ya kulipwa. Bila ripoti na kipimo cha siku ya ajali, ni vigumu kuthibitisha kwamba maradhi yaligunduliwa baadaye yalitoka kazini.

Waajiri nao wana wajibu. Kisanduku cha sindano kinafaa kuwa karibu na kitanda cha mgonjwa na kufungwa kikifika robo tatu. PEP inafaa kupatikana mchana na usiku, na siri ya anayeripoti ilindwe. Mwaka 2015, WHO ilihimiza matumizi ya sindano zenye kinga ya kuzuia mhudumu asidungwe. Wafanyakazi wa usafi, ambao mara nyingi husahaulika, pia wachanjwe.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Hii inayo, lakini haimfikii anayeficha jeraha lake.