Kuamka si kuzinduka

Mei iliyopita nilipata ruhusa ya juma moja, nikaenda Nyamarambe kumjulia hali dada yangu. Mvua ya masika ilikuwa ingali imeshika. Yeyote adhaniaye kwamba anaijua mvua kwa sababu amewahi kulowa katika barabara za Nairobi, na alale usiku mmoja tu chini ya paa la mabati katika vilima vya Mugirango Kusini. Asubuhi, wenyeji wanapoamkuana kwa "Bwakire", maji ya mto Gucha huwa yamekwisha kuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Mpwa wangu hufundisha fizikia katika shule moja ya upili ya sehemu hizo. Yeye na chama cha sayansi cha wanafunzi wake walikuwa wameunda kipima mvua. Faneli hukusanya maji na kuyadondosha katika kijikombe chenye pande mbili, mfano wa pembea. Upande mmoja ukijaa, kijikombe huinama na kumwaga, upande wa pili ukaja juu kupokea zamu yake. Kila kiinamapo, sumaku ndogo hupita mbele ya swichi na kuifunga kwa kitambo kifupi. Kila mwinamo mmoja ni milimita 0.2 za mvua. Kazi ya kuhesabu miinamo hiyo walikuwa wameipa maikrokontrola, yaani tarakilishi nzima iliyoshindiliwa ndani ya chipu moja ndogo kuliko ukucha.

Sasa matatizo yao. Umeme wa nyaya hupotea radi zinapoanza, kwa hiyo chombo hicho hutumia betri. Chipu yenyewe ni STM32F103 ya kampuni ya STMicroelectronics. Ikiwa macho na kazini, hula mkondo wa takriban miliampea 30. Betri ya miliampea-saa 2000 haitimizi siku tatu. Ikiingizwa katika ule utulivu wake wa mwisho kabisa, hula maikroampea mbili au tatu tu, na kwa hesabu ya karatasi betri hiyo hiyo ingedumu zaidi ya miaka 70. Yaani ingekufa kwa uzee wake kabla ya kumalizwa na chipu. (Kwanza iliwabidi wang'oe ile taa nyekundu ya ubao, kwa maana peke yake ilikuwa ikila umeme kuliko chipu iliyotulia mara nyingi mno.) Katika utulivu huo karibu miguu yote ya chipu huwa kama imekatwa. Unaobaki na masikio ni mguu mmoja uitwao PA0, pamoja na ule wa kuanzishia upya. Volti ya PA0 ikipanda kutoka chini kwenda juu, chipu huinuka. Waya wa swichi ya kijikombe uliunganishwa hapo. Wahenga walisema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Hapa methali imepata maana ambayo wahenga hawakuikusudia, kwa kuwa chipu huamshwa hasa ili binadamu apate kulala.

Siku nilipofika, nilikuta ugomvi. Msichana mmoja wa kidato cha pili alikuwa amepewa daftari la kuandikia vipimo. Kila asubuhi alibonyeza kitufe, kioo kidogo kikawaka na kuonyesha idadi ya miinamo, naye akaiandika. Kila asubuhi idadi ilikuwa moja. Mvua ikinyesha kidogo, moja. Mvua ikinyesha usiku kucha hata kuku wakaogopa kutoka bandani, moja. Msichana huyo, bila ya kuagizwa na mtu, akaweka uani kopo lenye kuta zilizonyooka, akawa analipima kwa rula. Siku moja kopo lilisema milimita 31, naye akaandika 31. Mpwa wangu alikata namba hiyo kwa kalamu nyekundu na kumwambia mbele ya wenzake kwamba sayansi haitaki watu wa kubuni. Majuma matatu ya masika yakawa yamepotea hivyo, na maonyesho ya sayansi yalikuwa yakikaribia.

Mimi si mhandisi. Kazi yangu ni kuuliza watu maneno yao yana maana gani. Jioni ile nilimwomba mpwa wangu anieleze, kwa Kiswahili, chipu hufanya nini sumaku inapopita. Alinijibu, "Mjomba, chipu imelala. Kikombe kikiinama, inaamka, inaongeza moja, inalala tena."

"Ikiamka," nikamwuliza, "huendelea kuanzia pale ilipolalia, au huanzia wapi?"

Akacheka kwanza. Kisha akafungua kitabu cha maelezo cha chipu hiyo, nacho kinasema waziwazi kwamba ikitoka katika utulivu huo, programu huanza upya sawasawa na inavyoanza chipu inapoanzishwa upya. Kumbukumbu ya kawaida hukatiwa umeme, na yaliyomo yote hufutika. Na mstari wa kwanza wa programu yao, walioutunga wenyewe, ulikuwa ukisema: hesabu ni sifuri. Basi kila kijikombe kilipoinama, chipu ilizaliwa upya, ikaweka sifuri, ikaongeza moja, ikatoweka. Hata kitufe alichobonyeza msichana hakikuleta hesabu ya usiku. Kilikuwa kimeungwa kwenye mguu ule ule, nacho pia kikahesabiwa kuwa mwinamo mmoja. Mpwa wangu alinyamaza kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi yake.

Kesho yake aliwaeleza wanafunzi wote kosa lilipokuwa. Yule msichana ndiye aliyesema, "Kumbe haikuwa imelala, mwalimu. Ilikuwa inazimia."

Msomaji, neno hilo limenisumbua tangu siku ile. Kitabu cha chipu kinataja hali tatu za kutulia, na kwa Kiingereza zimeitwa Sleep, Stop na Standby. Majina yenyewe hayamsaidii hata Mwingereza, maana la tatu humfanya mtu afikirie askari aliyesimama tayari na bunduki begani, ilhali ndiyo hali ya mbali zaidi na utayari. Mwalimu wetu huyachukua yote matatu na kuyatia katika kapu moja la "kulala" na "kuamka". Lakini kwa Mswahili, aliyelala akiamka hukumbuka alikolala, huwajua watoto wake, na hujua ana deni la nani. Kwa hali mbili za kwanza neno hilo linafaa kabisa: chipu husinzia au hulala, na programu huendelea pale ilipoachia. Hali ya tatu si usingizi. Ni kuzimia, neno ambalo ni ndugu wa kuzima taa. Na aliyezimia huzinduka, akauliza yuko wapi.

Najua kuna wenzangu watakaosema kwamba kuzinduka hutumika pia kwa mtu aliyegutuka usingizini. Ni kweli. Hata hivyo neno hilo lina tawi jingine linaloniongezea nguvu: tunazindua kitabu, tunazindua mradi, yaani tunauanzisha rasmi tangu mwanzo. Pini ya kuzindulia, basi, ingempa mwanafunzi mambo mawili kwa pamoja, kwamba kitu kilikuwa kimepoteza fahamu, na kwamba sasa kinaanza kazi upya. Pini ya kuamshia inamdanganya. Sisi wanaisimu tulitumia miaka mingi kubishania tarakilishi, ngamizi na kompyuta, na rununu dhidi ya simu ya mkononi. Ubishi huo ulikuwa mtamu, lakini hakuna mwanafunzi aliyewahi kupoteza majuma matatu ya mvua kwa sababu ya kusema kompyuta. TUKI ilipotoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990 ilionyesha kwamba kazi hiyo yawezekana, na leo tunayo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki huko Zanzibar. Ninachoomba ni kwamba anayeunda istilahi aketi kwanza na mtu ambaye chombo kimemharibikia.

Kuna watakaouliza kwa nini tuhangaike, ikiwa fizikia ya sekondari nchini Kenya hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Jibu langu ni kwamba mpwa wangu alifundishwa yote kwa Kiingereza, akapasi vizuri, na bado alielewa "kuamka" kwa maana ya nyumbani. Lugha ya mtihani haikumzuia kufikiri kwa lugha yake. Ilimzuia tu kujua kwamba anafanya hivyo.

Marekebisho hayakuchukua siku nyingi. Chipu hiyo ina rejista 10 za akiba ambazo hazifutiki katika kuzimia maadamu kuna umeme. Moja hupokea namba hadi 65,535, nayo kwa milimita 0.2 kila mwinamo ni mvua ya Nyamarambe ya miaka kadhaa. Pia kuna bendera, yaani alama ya ndani, inayoiambia programu kwamba chipu imetoka katika kuzimia wala si betri mpya, ili isiweke sifuri. Kitufe kikahamishiwa kwenye mguu wa kuanzishia upya. Bendera nyingine iliwachelewesha alasiri nzima: ni ile inayotaja kwamba chipu imeshazinduliwa. Isipofutwa kabla ya kutulia tena, chipu hukataa kabisa kuzimia. Na ikishazimia, haisikii hata waya wa kuingizia programu, mpaka ushike kitufe cha kuianzisha upya. Wavulana wawili walikuwa wamekwisha amini kwamba wameiunguza.

Asubuhi niliyoondoka, baada ya mvua ya kawaida tu, kioo kilionyesha 117, yaani milimita 23.4. Kopo lilisema 23. Msichana aliandika zote mbili, bega kwa bega, kisha akarudi kurasa kadhaa nyuma hadi kwenye ile 31 iliyokatwa kwa wino mwekundu, akamsogezea mwalimu wake daftari pamoja na kalamu.