Chokaa Imekaa Wapi?

Mtoto akianza kupata kifafa na daktari akaagiza CT skani ya kichwa, wazazi husubiri jibu moja tu: ana uvimbe au hana. Ila kwa tuberasi sklerosisi, ugonjwa wa kijeni unaootesha vinundu visivyo saratani kwenye ubongo, ngozi, figo na moyo, swali la kuiuliza picha ni jingine: chokaa, yaani kalsiamu iliyoganda, imekaa wapi?

Mashine ya CT, iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, hupima jinsi kila sehemu ya mwili inavyozuia eksirei. Kwenye kipimo chake maji hupewa 0, hewa -1000. Mfupa na chokaa hupanda juu sana. Kwa hiyo vinundu vinavyoota kwenye kuta za vyumba vya maji ya ubongo, vikishashika chokaa, huonekana vyeupe pee.

Tatizo ni hilo “vikishashika”. Katika mwaka wa kwanza wa maisha mara nyingi chokaa haijajijenga, na huo ndio umri ambao degedege za ugonjwa huu hupenda kuanza. Picha safi ya kichanga haimwondolei shaka. Kipimo cha MRI huona zaidi mabaka yaliyo kwenye gamba la ubongo, tena bila mionzi, lakini haipatikani kila mahali.

Na si kila chokaa ni ya ugonjwa huu. Penye nguruwe wanaozurura na vyoo haba, mabuu ya tegu huingia ubongoni, hufa, nayo huacha chokaa. Hiyo kwa kawaida hutawanyika ndani ya nyama ya ubongo badala ya kufuata kuta za vyumba vya maji.

Vinundu vya kwenye kuta hizo ni dalili kuu moja ya tuberasi sklerosisi. Bila kipimo cha jeni, kwa kawaida zinatakiwa mbili ili kuuthibitisha ugonjwa. Ya pili naona itafutwe kabla ya kulipia skani: mvue mtoto nguo penye mwanga. Mabaka 3 au zaidi yaliyopauka, kila moja walau milimita 5, ni dalili kuu, na kwenye ngozi nyeusi huonekana kwa urahisi. Huweza kudhaniwa ni mba tu.

CT skani haina mpinzani usiku wa dharura. Mgonjwa anayejulikana kuwa na ugonjwa huu akianza kutapika na kuumwa kichwa vibaya, huenda kinundu kimekua kikaziba njia ya maji ya ubongo. Dakika chache zinatosha kuona kama vyumba vimefura, na kama ndivyo, aitwe daktari wa upasuaji.