Gesi ya AC: Muulize Fundi Kabla Hajaongeza

Pita karibu na steji ya Olympic, Kibera, jua la Februari likiwaka. Hutakosa kumwona mwenye gari amefungua boneti, fundi akimwambia, "Gesi imekwisha, mzee. Nikuongezee?" Mzee hukubali upesi. Ni wachache wanaouliza: gesi gani?

Swali hilo lina uzito. Magari ya zamani yalitumia R-12, gesi inayoharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuiondoa. Ikaja R-134a, ambayo haidhuru ozoni, lakini kilo moja ikivuja huongeza joto duniani zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo ya kaboni dioksidi. Ndiyo sababu mwaka 2016, mjini Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za aina hiyo. Magari mengi mapya hutumia R-1234yf, isiyofikia hata mara 5.

Ufanye nini basi? Kwanza, soma kibandiko chini ya boneti. Kila gari lina gesi yake, na kuchanganya huharibu mtambo. Pili, gesi haiishi kama petroli, ikipungua, imevuja. Fundi atafute tundu kwanza. Tatu, gesi iliyobaki ivutwe kwa mashine, isiachiliwe hewani. Nne, kataa katakata gesi ya kupikia, huwaka moto.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa ozoni, msomaji, hauna fundi.